Tabaga ya Rajabu

Sanduku la bati la mama lilikuwa limeshika kutu kwenye pindo, nikalifungua kwa kisu cha jikoni. Nilitegemea harufu ya ubani, au ile ya nguo zilizokaa muda mrefu bila jua. Iliyotoka ni harufu ya rangi ya ukindu, rangi ya unga iliyochemshwa kwa maji na chumvi, inayokaa kooni kama dawa chungu. Nikaketi pale pale sakafuni. Mama tulikwisha mzika, matanga yamekwisha, watu wamekula wamekwenda zao, na mimi nilidhani machozi yangu yamekauka. Wapi!

Chini kabisa, ndani ya shuka iliyokunjwa vizuri, kulikuwa na tabaga. Pwani wanaiita kawa: kifuniko cha chakula kilichosukwa kwa ukindu, duara juu ya duara, rangi juu ya rangi. Sisi Wanubi wa Koboko hatuli karamu bila tabaga juu ya sinia. Lakini hii haikumalizwa. Ingeweza kufunika bakuli la mtoto, basi. Duara la mwisho, jekundu, lilikuwa limeishia nusu, na ncha za ukindu zilikuwa zinaning'inia kama nyuzi za nguo iliyochanika.

Niliitambua mara moja. Nilijua ni ya nani, na nilijua kwa nini wekundu wake umeishia pale. Miaka yote hii nilijidanganya kwamba katika dunia nzima ni mimi peke yangu ninayejua. Basi acha niseme tangu mwanzo, maana nimechoka kutembea nalo.

Nilikuwa na miaka minane, darasa la tatu. Mwalimu wetu wa sanaa aliitwa Madam Letaru, mtu wa Vurra, kule mpakani ambako Kiswahili chao kinanukia Kongo. Alikuwa mwembamba, ana mwanya, na hakuwa na fimbo, jambo lililotufanya tumwogope kidogo kwa sababu hatukujua akikasirika atafanya nini. Shule haikuwa na rangi. Madam alitufundisha kuzipata: nyeusi kwenye mkaa, nyekundu kwenye matofali yaliyovunjika tuliyoyasaga kwa jiwe, njano kwenye manjano ya jikoni, kijani kwenye majani ya kunde tuliyoyafikicha mpaka vidole vikabadilika. Tulikata viazi tukavifanya mihuri. Tukirudi nyumbani mama zetu walipiga kelele kwa jinsi tulivyochafuka, na sisi tulijiona mafundi.

Mchezo wake mkubwa ulikuwa wa vizibo vya soda. Alivipaka rangi, akavipanga sakafuni, nasi tumechuchumaa tukimzunguka. Nyekundu, nyeusi, nyekundu, nyeusi. Cha mwisho alikifunika kwa kopo la maziwa.

"Chini ya kopo iko nini?"

"Nyekundu!" tulipiga kelele darasa zima.

"Ninyi mumeona?"

"Hapana, Madam!"

"Sasa mumejua namna gani?"

Akafunua kopo. Nyekundu! Wallahi, sijawahi kuona jambo tamu kama lile. Siku nyingine alipanga mbili mbili, au tatu na moja, na kila mara tulijua kilichofunikwa kabla hakijafunuliwa. Kisha alisimama, akajipangusa vumbi magotini, na kusema, "Mumeona? Mpangilio hapana danganya mutu." Nililishika neno hilo kama wenzangu walivyoshika aya za madrasa.

Ijumaa moja akatupa kazi ya nyumbani. Tukatafute mpangilio ambao haukuchorwa na mwalimu, tuuchore, tuulete. Kwa vile mimi ndiye niliyekuwa nasaga matofali vizuri kuliko wote, alinipa zawadi ya vipande viwili vya kreyoni, chekundu na cheusi, kila kimoja kirefu kama kidole gumba. Nilivifunga kwenye kona ya shungi langu na nikalala navyo.

Wenzangu walichora matofali ya ukuta, safu za mahindi, mkeka wa bibi. Mimi nilitafuta siku mbili. Jumapili nilikuwa nimeketi kizingitini, mama akimnyonyesha mdogo wangu Rajabu, shangazi wa jirani akapita na kumwombea mtoto: "Mungu aachie wewe hii, mama Zuhura, asichukue kama ingine." Mama akaitikia amina. Na mimi ndipo nilipouona mpangilio, waziwazi, kama vizibo sakafuni.

Mama alikuwa amezaa watoto watano. Wa kwanza mimi, Zuhura, niko hai. Akafuata mvulana ambaye hakumaliza mwaka. Akaja Hawa, yuko hai. Akafuata msichana, akaondoka kabla ya kutambaa. Kisha Rajabu. Nilichukua karatasi ya daftari nikapaka vitone vitano: nyekundu, nyeusi, nyekundu, nyeusi, nyekundu. Chini ya vile vyekundu niliandika majina. Chini ya vyeusi sikuandika kitu, kwa sababu majina yale hayakutajwa nyumbani kwetu.

Jumatatu Madam aliishika karatasi yangu. "Hii iko nini, Zuhura?"

"Watoto ya mama."

"Na hii ya mwisho?"

"Rajabu."

Akatabasamu. Labda alidhani nyekundu ni wasichana na nyeusi ni wavulana na nimekosea kimoja. Labda hakudhani kitu. Tulikuwa watoto zaidi ya themanini. "Umefuata vizuri," alisema, akaweka alama ya vema, kubwa, kwa kalamu ya wino wa bluu. Nilirudi nyumbani nikiruka. Mdogo wangu alikuwa amepewa ruhusa ya kuishi, na mwalimu ametia sahihi.

Sasa lazima mjue jambo moja juu ya mama yangu. Kila mtoto aliyezaliwa alimsukia tabaga, ikafunika chakula cha arobaini yake. Alisuka nne. Mbili, za waliokufa, aliwapa watu wa mbali ili asizione. Rajabu alipozaliwa, mama hakusuka. Arobaini ikapita chakula kimefunikwa kwa sinia jingine, wanawake wakanong'ona. Mama alisema hana nafasi. Lakini mimi nilimwona usiku anavyoweka kiganja mbele ya pua ya mtoto, anangoja pumzi, kisha anaondoa mkono, kisha anaurudisha. Rajabu alikuwa na miezi saba na mama hajawahi kulala usingizi wa kueleweka.

Nilimhurumia, kwa kiburi cha mtu anayejua. Jioni ile ya vema nilimkuta anapepeta mchele.

"Mama, suka tu tabaga. Rajabu hapana kufa."

Mikono yake ilisimama. "Nani ameambia wewe?"

"Madam. Iko na vema yake." Nikamwonyesha karatasi, nikamsomea kidole kwa kidole: mimi, yule, Hawa, yule mwingine, Rajabu.

Aliitazama muda mrefu. Nilidhani atanipiga kwa kuwagusa wale wawili. Badala yake alicheka, kicheko kifupi chenye machozi ndani yake, akanivuta kichwa changu kifuani. "Haya," alisema. "Kama Madam amesema, mimi ni nani?"

Kesho yake akateremsha sufuria ya rangi. Nyumba ikanuka ukindu. Alianza katikati kwa kijani, akatia njano, akatia nyekundu, akarudia. Alisuka huku anaimba, na nilijiona nimefanya kazi kubwa kuliko ya daktari yeyote wa Koboko.

Siku ya nne rangi nyekundu ikamwishia katikati ya duara. Ilikuwa mchana, sisi wa madarasa ya chini tumekwisha rudi kutoka shuleni. Mama alijifunga leso, akanipa mtoto.

"Mimi nakwenda sokoni tu, kuchukua rangi. Yeye asubuhi hapana nyonya vizuri. Kama iko moto, hapana ngoja, Zuhura. Wacha yeye na Hawa, kimbia, ita mimi. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Umesikia?"

"Nimesikia!"

Soko halikuwa mbali. Unapita msikiti, unapita mashine ya kusaga, umefika. Mtoto wa miaka minane anayekimbia hatumii muda wa kuchemsha chai. Nimeipima njia ile baadaye, mara nyingi, ukubwani, kwa miguu na kwa bodaboda, na kila mara inakuwa fupi zaidi.

Rajabu alilia kidogo, nikambeba, akanyamaza, nikamlaza. Mimi na Hawa tukaketi chini tukapanga mabaki ya ukindu: kijani, njano, nyekundu. Hawa alikuwa na miaka minne. Alikwenda kumchungulia mtoto akarudi.

"Zuhura, Rajabu iko moto."

Nilikwenda nikamgusa. Alikuwa moto. Siwezi kusema sikujua. Alikuwa moto kama kikombe cha uji. Nilisimama pale nikawaza kukimbia, na nakumbuka vizuri nilichofikiri: mama atarudi bila rangi, ataogopa bure, tabaga itakaa tena wiki nzima bila kumalizwa. Na ya nini? Kilichofunikwa nakijua.

"Yeye ni nyekundu," nilimwambia Hawa. "Hapana kufa."

Nikachukua karatasi yangu nikaiingiza chini ya godoro lake, chini ya kichwa, iwe karibu. Nikarudi kwenye mabaki yangu.

Baadaye mikono yake ikaanza kuruka ruka. Nilidhani anacheza. Macho yakapanda juu, nilidhani anatazama paa. Kisha akatulia kabisa, nikafurahi kwamba amelala na nikamwambia Hawa asipige kelele. Ilikuwa degedege, bila shaka. Leo najua jina lake. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amezeeka, ana mvi.

Mama aliingia na kifurushi cha gazeti mkononi, rangi imepenya kwenye karatasi mpaka vidole vyake vyekundu. Alikwenda moja kwa moja kwa mtoto. Sikusikia kilio. Nilisikia kifurushi kinaanguka. Akambeba, akatoka mbio bila viatu kwenda kituo cha afya, na unga mwekundu ukabaki umetapakaa sakafuni nasi tukaogopa kuukanyaga. Alirudi anatembea. Amemfunika mtoto uso.

Alinitazama kizingitini. "Zuhura. Kwa nini hapana kuita mimi?"

Nilirudi nyuma mpaka ukutani. Aliuliza mara ile moja tu katika maisha yake yote. Watu wakaingia, wanawake wakamchukua mtoto mikononi mwake, na kabla jua halijazama Rajabu alikuwa amezikwa. Baba alikuwa na lori Vurra, kwenye foleni ya forodha. Alifika kesho yake, akakuta kaburi.

Niliposogelea godoro siku iliyofuata, lilikuwa limetolewa nje na kuoshwa. Karatasi haikuwepo. Nilidhani wamemzika nayo, na kwa muda niliogopa kila nilipofikiria malaika wanaisoma ile vema ya Madam na kuuliza nani kaandika.

Siku ya tatu dada wa mama, kalti Sauda, akanichukua kwenda kwake Arua. Kalti ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita dada wa mama. Nilidhani nimefukuzwa, na niliona ni haki. Kalti alikaa karibu na uwanja wa Onduparaka, na siku za mpira ukilipuka kwa kelele mimi nilijificha chini ya kitanda. Shule mpya nayo ilikuwa na sanaa. Mwalimu akatupa shanga na uzi: bluu, nyeupe, bluu, nyeupe, endeleza. Sikuendeleza. Nilikaa na uzi wangu wenye shanga nne, akaniuliza inayofuata ni ipi, nikasema sijui. Akasema najifanya mjinga, akanichapa fimbo mbili. Nilizipokea vizuri. Zilikuwa fimbo za kwanza mtu alizonipa tangu siku ile, na nilizingoja sana.

Likizo nilipoletwa nyumbani, baba hakuwepo. Amempa mama talaka, amehamia upande wa pili wa mji na baadaye akaoa. Nilidhani ni huzuni iliyomwondoa. Mama alikuwa anauza mandazi. Sufuria ya rangi ilikuwa imegeuzwa chombo cha maji ya kuku. Hakusuka tena, na hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Nikakua nikimkwepa mama yangu. Lisemwe hivyo, lisipambwe. Nilipopata kazi Arua, ya duka la vitenge, nilimtumia cha kutumia, nikapiga simu siku za Idi, nikaahidi kuja. "Lini utakuja, Zuhura?" "Kazi, mama." Arua na Koboko si mbali, gari la asubuhi linakurudisha jioni. Lakini niliogopa ataniuliza tena. Nilikaa namna ile mpaka Hawa aliponipigia simu akilia, na nilipofika mama alikuwa amekwisha oshwa.

Basi ndivyo nilivyokuwa nimeketi sakafuni, tabaga mapajani, kalti Sauda alipoingia na chai. Amezeeka sasa, anatembea ameshika ukuta. Aliiona tabaga, akaiweka chai chini taratibu.

"Zuhura. Mama yako amekufa. Sasa samehe yeye."

Nilifikiri sijasikia vizuri. "Nimsamehe nini, kalti?"

"Wacha, mimi iko najua. Miaka yote wewe hapana kuja, mimi nilijua. Wewe ulikuwa mtoto mdogo, ulikimbia mpaka sokoni, uliita yeye, na yeye alikataa kuja. Alikuwa nachagua rangi." Kalti alijifuta macho kwa ncha ya leso. "Mimi nilikuwa hapa hapa siku baba yako aliuliza, ninyi watoto mulikuwa kwa jirani. Nani alikuwa na mtoto? Mama yako alisimama mbele ya wanaume akasema: Zuhura aliita mimi, mimi nikakawia. Dada za baba yako wakasema, mama gani hii, mtoto naungua yeye nachagua rangi. Siku ile ile talaka ikatoka. Hapana kujitetea hata kidogo."

"Alikwambia wewe pia hivyo? Wewe, dada yake?"

"Mpaka juzi, kitandani. Niliuliza yeye, Zuhura atakuja? Alisema, mwache, iko na haki ya kukasirika."

Yarabi. Niliigeuza tabaga kwa sababu mikono ilihitaji kufanya kitu, na kwa chini, katikati pale anapoanzia msukaji, kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imeshonewa kwa ukindu usio na rangi, mishono midogo midogo ya mkono wa mama. Nikaikata kwa kisu kile kile cha jikoni. Kreyoni haifi, jamani. Vitone vilikuwa vinang'aa kama jana, na vema ya bluu imefifia lakini inasomeka. Majina matatu kwa mwandiko wangu wa miaka minane. Chini ya vyeusi viwili, mahali nilipoacha wazi, mama alikuwa ameandika majina ya wale wawili, kwa herufi kubwa za mtu aliyesoma madarasa machache. Chini ya kitone cha tano alikuwa ameliacha jina kama nilivyoliandika. Hakukigusa.

Alijua. Aliipata siku ileile ya kuosha godoro, akaelewa kila kitu, akaishona mahali ambapo hakuna mtu angeitafuta, kisha akaenda kusimama mbele ya wanaume.

Kalti aliinama, akakaza macho. "Hii iko nini?"

Ningeweza kusema ni karatasi tu ya shule. Mama alikuwa amelipa tayari, na kaburi lake bado bichi. Ningeweza kuuacha uongo wake usimame kama alivyousimamisha. Kalti angerudi kwake Arua akijua dada yake alimwacha mtoto aungue kwa ajili ya rangi, na angekufa akijua hivyo, na Hawa pia, na watoto wa Hawa.

"Kaa chini, kalti," nilisema.

Akaketi, akiguna kwa maumivu ya magoti. Niliilaza karatasi sakafuni kati yetu, nikaweka kidole juu ya kitone cha kwanza.

"Hii iko mimi. Na siku ile mimi hapana kwenda sokoni."